Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mama yangu mpendwa,

Najua hukupenda barua ndefu. Zile nilizokuwa nikiandika kutoka shule ya bweni ulimpa Baba akusomee, na akifika katikati ulimkatiza: "Ruka hapo, tuambie kama anakula." Basi leo naanzia hapo hapo usipate pa kuruka. Mimi nakula. Baba hali.

Sisemi kwamba hatii kitu kinywani. Asubuhi anakunywa turungi, kikombe kimoja, bila maziwa, katika boma lenye ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Mchana anakata tonge la ugali, analizungusha mkononi mpaka linapoa, kisha analirudisha kwenye sahani na kuniambia nimepika vizuri. Mshipi wake ameutoboa matundu mapya kwa msumari, na juzi nilimwona akitafuta msumari tena. Nilimpeleka kliniki pale Siongiroi. Daktari, kijana wa kuzaliwa jana, alimpima kila mahali, akanivuta kando akasema, "Mzee hana ugonjwa. Ni vile tu hataki." Nikamwambia hata mimi ningeweza kumwambia hivyo, na sijasomea.

Ni miezi minane tangu tukuzike. Wale ndugu zangu wengine wako mbali na kazi zao na watoto wao. Mimi ndiye sina bwana wala bosi, kwa hiyo nilifunga kile chumba changu cha kusuka nywele kule Kericho, nikapakia vitana na drayer kwenye gunia, nikarudi nyumbani kumtunza mume wako. Usinishukuru. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Unakumbuka tulipokuwa tukikaa laini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi kule kwenye majani chai? Baba alikuwa akiendesha trakta ya kukusanya majani, na wewe ulikuwa ukipika katika nyumba ya meneja, ile ya juu kilimani yenye bustani. Wanawake wa laini walikuwa wakingoja uteremke jioni waone umebeba nini chini ya leso. Hukuwahi kubeba hata ganda la mkate. Ulisema chakula cha watu hakiibwi, lakini namna kinavyopikwa hakuna aliyewahi kuifungia kwa kufuli. Ukaja na hiyo namna kichwani, na Jumapili baada ya kanisa ukaimwaga yote katika jiko letu la bati. Mkate uliuoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Jamu ulipika kwa matunda damu mpaka laini nzima ikanukia sukari. Sosi ya nyanya uliichuja kwa kitambaa. Nilikuwa msichana mkubwa nilipogundua kwamba watu wengine hivyo vitu huvinunua dukani kwenye chupa, na nilipokuambia ulicheka ukasema basi ni wavivu, Mungu awasaidie.

Lakini fahari yako ilikuwa mayonezi. Mama, wacha niseme ukweli, ulikuwa na kiburi na ile mayonezi. Uliikunja leso yako yenye maji, ukaiweka mezani, na juu yake ukakalisha lile bakuli la enameli lenye ukingo wa buluu uliobanduka, lisije likakimbia. Viini viwili vya mayai ya kienyeji, vyekundu kama jua la Chebunyo wakati wa kiangazi. Chumvi. Limau nusu. Kisha ukashika uma, mkono mmoja kwenye bakuli, mmoja kwenye uma, ukaniita.

"Chebet! Njoo ushike mafuta."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Ulinipa kikombe cha bati chenye mdomo uliobonyezwa kwa koleo, nami nikasimama juu ya kigoda nikidondosha. "Tone," ulisema ukikoroga. "Tone. Bado. Tone." Mkono uliniuma mpaka begani. Nikijaribu kuharakisha uliniangalia tu, na mkono ukapoa wenyewe. Ulisema yai ni kama mgeni mwenye haya, ukimrundikia chakula mara moja anainuka anaenda zake.

Siku moja niliwasikia watoto wenzangu nje wakicheza mpira wa kati, nikamwaga robo ya kikombe kwa mara moja. Ile kitu ikakatika. Mafuta yakaenda kivyake na yai kivyake, maji maji yenye chembechembe kama maziwa yaliyoharibika. Nilijua nimechapwa. Wewe ulichungulia bakuli, ukavuta pumzi, ukasema, "Leta yai lingine." Ukaweka kiini kipya peke yake kwenye sahani ya shimo, ukaanza kukiongezea ile iliyokatika, kijiko kwa kijiko, polepole kuliko mwanzo, mpaka yote ikarudi, nzito na nyeupe. "Iliyokatika haitupwi," uliniambia. "Unaianza upya na yai moja, na unaacha haraka." Nilidhani umefanya muujiza. Nilidhani hakuna kitu ambacho kikiharibika hutaweza kukirudisha.

Majirani walisema Bot Chebet, yaani Mama Chebet, anawalisha watoto mayai mabichi na mafuta mabichi, tutakufa sote. Krismasi ilipofika walikuja na sahani zao. Uliwawekea juu ya viazi na kabichi, ukawaonya: "Hii haingoji kesho. Jua likizama, iliyobaki inamwagwa." Hapakuwa na friji laini, na hukutaka kusikia kwamba mtoto wa mtu amekatwa tumbo kwa sababu yako. Kila Jumapili magharibi ulikwangua bakuli, ukamwaga kilichobaki, ukaliosha. Ulikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko juu ya sala.

Na Baba? Baba alikaa nje ya mlango wa jiko, kwenye kile kiti chake cha miguu mitatu, ameupa mlango mgongo. Sijawahi kumwona akikanyaga jikoni kwako, si laini, si hapa Siongiroi mlipostaafu. Kwetu mwanamume hafunui sufuria ya mke wake, na Baba alilishika hilo kama amri ya kumi na moja. Ulimpitishia sahani mlangoni, naye akaipokea bila kugeuka. Alisema hapendi hiyo kitu nyeupe, ni chakula cha wazungu wasio na meno. Kisha alifuta sahani yote kwa kipande cha kiazi, akairudisha ikiwa inang'aa. Wewe ulinikonyeza. Nilikupenda sana siku zile, Mama, na sikujua kwamba hayo ndiyo mapenzi.

Chakula chake hasa kilikuwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Mayonezi ilikuwa yako na yangu. Mursik ilikuwa yako na yake. Naiona bado ile sotet yako, kile kibuyu cheusi alichokupa mama yake ulipoolewa, chenye shingo iliyoshonwa kwa uzi wa ngozi pale kilipopasuka. Ulichoma kijiti cha mti wa senetwet, ukausugua mkaa wake ndani kwa sosiot, ile brashi ya kuti, ukapuliza vumbi, ukamwaga maziwa yaliyochemka na kupoa, ukafunika, ukakitundika pembeni. Halafu ukakiacha. Ungeweza kukiacha wiki, ungeweza kukiacha mwezi. Baba alikuwa akijua kwa harufu tu kama kimeiva. Na hakuna aliyenifundisha kwamba sotet haiguswi na sabuni, kwa sababu hakuna mtoto wa kwetu anayehitaji kufundishwa. Ni kama kufundishwa kwamba moto unachoma.

Nilijua, Mama. Hilo ndilo ninalotaka uelewe. Nilijua, na bado nilifanya.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi. Akina mama wa kanisa walikuwa wamerudi makwao, wameniachia mlima wa sufuria za kuazimwa, sahani, vikombe, masufuria makubwa ya chai yenye ukoko. Niliosha tangu asubuhi. Sikulia. Watu walikuwa wakisema, "Chebet ana nguvu," na mimi nikasugua. Miaka kumi na tisa nimeosha vichwa vya watu, mikono yangu ikishikwa na huzuni inatafuta maji na povu. Nilipomaliza za watu nikaanza zako. Nilitaka kila kitu ulichokigusa kiwe safi. Nikaosha bakuli la buluu. Nikaosha mwiko. Nikainua mkono, nikaitoa sotet ukutani.

Ilikuwa nzito. Nilipofungua, harufu ilinipanda puani. Nikahesabu: wiki mbili hospitalini na kile kifua chako, wiki moja ya matanga. Nikasema moyoni, haya yameharibika. Mimi, mtoto wako, nikasema mursik ya wiki tatu imeharibika, kama mtu aliyezaliwa Nairobi. Nikaenda nyuma ya jiko nikayamwaga kwenye shina la mgomba. Yalitoka mazito, yenye mistari ya kijivu, yamependeza hata. Kuku walikuja mbio. Kisha nikatia maji ya moto na sabuni ya unga, nikatikisa. Yakatoka meusi. Nikatia tena. Nikatikisa na vijiwe vidogo. Mara ya nne yalitoka meupe safi, nami nikaona nimekufanyia jambo la heshima. Nikakitundika kichwa chini kwenye nguzo ya ua, kama kopo la maua.

Baba alitoka kwa ng'ombe. Alipita mgombani, akasimama. Akaangalia ule weupe uliobaki kwenye udongo, akainua macho akaangalia nguzo. Alikaa hapo muda ambao mtu anaweza kukamua ng'ombe mmoja.

"Hiyo ilikuwa ya mama yako," akasema.

Nikamwambia ilikuwa imeharibika, Baba, ilikuwa wiki tatu.

"Aliweka asubuhi ile tulienda hospitali. Akaniambia nisifungue mpaka arudi." Akasugua kidevu. "Nilikuwa nangojea watu waende, ndio nifungue."

Hakunitukana, hakunipiga jicho. Angenitukana ningepona. Aliingia ndani, akalala kitandani na viatu, na alipoamka kesho yake aliomba chai ya turungi. Tangu siku ile maziwa hayajapita kooni mwake. Hajawahi kumwambia mtu yeyote nilichofanya. Watu wakimuuliza kwa nini anakonda anasema ni uzee. Ananilinda, Mama, huku anaisha.

Nilimwendea rafiki yako Bot Kiprono, yule wa boma la chini. Nilimkuta akipembua maharagwe. Nikamwambia sotet ya Mama inatoa harufu mbaya.

"Uliosha na nini?"

"Sabuni ya unga."

Aliweka ungo chini. "Uuwi! Chebet! Hiyo si sotet tena, hiyo ni ndoo."

Kisha akanihurumia, unamjua alivyo. Akanionyesha la kufanya, ingawa alinionya hajawahi kuona ikifaulu. Nikianike juani siku kumi. Nikisugue mkaa wa senetwet, nikiache, nikisugue tena. Nikitie maziwa na kuyamwaga, mara nyingi, bila kuonja. Nilifanya yote. Nilichoma senetwet mpaka nguo zangu zikanuka moshi hata kanisani. Maziwa ya kwanza yalinuka sabuni kama nguo zilizofuliwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano yalikuwa machungu. Ya nane nikasema afadhali, labda ni pua yangu, nikamimina kikombe nikampelekea Baba pale kwenye kiti chake.

Alipokea kwa mikono miwili. Alikileta puani. Aliniangalia, Mama, kwa upole ambao sitaki kuuona tena. "Asante, mama," akaniambia, kisha akakiweka kikombe chini kando ya mguu wake. Paka ndiye aliyekuja, akanusa, akaenda zake.

Nilinunua kibuyu kipya siku ya soko Chebunyo. Mursik yake ina ladha ya kibuyu kipya. Bot Kiprono alileta ya kwake, nzuri kabisa, imesimama. Baba aliisifu, akasema, "Hii ni ya Bot Kiprono," akanipa mimi ninywe. Na ni kweli, kila jiko lina mursik yake, na ya kwako niliisuuza kwa mikono yangu. Ulichukua zaidi ya miaka arobaini kukitia kile kibuyu ladha. Mimi nilitumia maji manne.

Kwa hiyo sijui nakuandikia nini. Labda nilitaka usikie kutoka kwangu. Niliposimama kaburini kwako kuahidi kwamba nitamtunza, sikujua kwamba siku tatu tu baadaye ningemwaga kitu cha mwisho alichokuwa akikingojea.

Lakini kuna jambo la Jumamosi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baba alikuwa amekaa nje ya mlango wa jiko, ameupa mgongo kama kawaida. Mimi nilikuwa ndani namenya viazi. Bila kugeuka akasema, "Mama yako alikuwa anatengeneza ile kitu nyeupe."

Kisu kiliniponyoka. Miezi minane hajaomba chakula. Nikamuuliza, "Ya mayai, Baba?"

"Hiyo."

Sikungoja aongeze. Niliweka viazi motoni, nikakimbilia viota. Kuku wako wa shingo tupu alikuwa ametaga, na wale wengine pia. Nikapata mayai matatu. Limau nilichuma kwa jirani bila kuomba, utanisamehe. Nikakunja leso yenye maji, nikakalisha bakuli la buluu, nikatenganisha viini, nikatia chumvi. Nikashika bakuli kwa mkono mmoja na uma kwa mwingine. Ndipo nikajua.

Hakuna wa kushika mafuta.

Nitacheka siku moja, labda. Mwanamke wa miaka arobaini na moja amesimama jikoni akitafuta mkono wa tatu. Nilibana bakuli tumboni, nikakoroga kwa mkono wa kulia na kumwaga kwa wa kushoto. Mafuta yakaruka. Ikakatika. Nikakumbuka maneno yako, nikachukua kiini cha tatu, cha mwisho, nikakiweka kwenye sahani ya shimo ili nianze upya. Nikainua chupa, nikaishusha. Nikikiharibu hiki nacho, basi. Nilikaa sakafuni na uma wangu, nikalia kilio ambacho sikukulilia matangani. Nililia kwa sauti, Mama, sikujali.

Kivuli kikaanguka mlangoni. Baba alikuwa amesimama. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kama mtu anayeingia kanisani.

"Nani alikuwa anashika mafuta?" akauliza.

"Ni mimi."

"Na sasa?"

"Hakuna mtu, Baba."

Akaangalia kizingiti. Akaangalia juu, kwenye masizi, kwenye ule msumari mtupu ulipokuwa ukitundika sotet. Kisha akainua mguu, akaingia jikoni kwako. Aliweka kofia juu ya ndoo ya maji, akakiona kile kikombe cha bati chenye mdomo uliobonyezwa pale ulipokuwa umekiacha kwenye rafu, akanyoosha mkono. "Weka mafuta hapa."

Unajua mikono yake inavyotetemeka sasa. Hujui. Ilianza baada yako. Anaimwaga chai kabla haijafika mdomoni. Nilipoona ile mikono juu ya bakuli nilisema kimoyomoyo, kwisha. Lakini kikombe kiligonga ukingo wa bakuli, tik, na kila kilipogonga kilitoa tone moja. Moja tu. Hangeweza kumwaga zaidi ya hapo hata angetaka. Mimi nikakoroga. Hakuwa akiangalia kikombe, alikuwa akiangalia uma wangu. "Hivi ndivyo alikuwa anafanya?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Tukamaliza mafuta, tukaanza kurudisha ile iliyokatika, kijiko kwa kijiko. Jasho lilimtoka. Kiazi kiliiva, kikapita kuiva, hatukujali.

"Imeshika," nikasema.

"Naona."

Ilikuwa nzito, nyeupe kwa mbali yenye manjano, na uma ulisimama ndani. Ilikuwa yako kabisa. Nilimpakulia pale pale, kwenye meza ya jikoni, akakaa kwenye kigoda changu cha zamani. Alichovya kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Akala kipande cha kiazi. Akala cha pili. Mimi nilisimama na kitambaa mkononi nikiogopa hata kupumua. Nilianza kupanga, Mama. Nitaifanya kila siku. Nitamlisha kwa hiyo mpaka anenepe, kisha ataomba ugali, kisha maziwa. Unajua nilivyo, nikipewa inchi ya tumaini najenga ghorofa.

Akaweka uma chini. Akavuta bakuli, akachukua kijiko, akaanza kuhamisha ile iliyobaki, taratibu, ikimwagika kidogo mezani kwa ile mitetemeko, mpaka akajaza kikombe chako cha chai, kile cha maua. Akakifunika kwa kisosi. Akakisukuma mpaka katikati ya meza.

"Hii ya mama yako," akaniambia. "Usimwage."

Kisha akachukua kofia, akatoka, akakaa kwenye kiti chake, ameupa mlango mgongo. Jioni nilimpelekea chakula, akasema ameshiba.

Leo ni Jumanne. Ameshiba tangu Jumamosi. Kikombe kiko hapa mezani mbele yangu ninapoandika. Wewe ndiye uliyenifundisha haingoji kesho, jua likizama inamwagwa. Jua limezama juu yake mara tatu. Imefanya ngozi ya manjano juu, mafuta yameanza kujitenga pembeni, na harufu yake haijifichi tena. Bot Kiprono alipita jana, akainua kisosi, akaniangalia, akakirudisha. Baba huingia jikoni sasa. Huingia asubuhi na huingia jioni, hainui sufuria, hagusi chochote. Anainua kile kisosi, anatazama, anafunika, anatoka. Anahakikisha tu.

Sidhani atakula tena, Mama. Nalisema hapa kwa sababu nikimwambia mtu mwingine ataniambia nimtegemee Mungu. Namtegemea. Lakini nimemwona mume wako akitoboa mshipi, na najua kuhesabu matundu. Nadhani aliomba ile kitu nyeupe ili akuonje mara moja, na amekuonja, na amekuwekea wewe sehemu yako.

Sijui kama amenisamehe. Nimeyageuza yale maneno yake ya "Usimwage" siku tatu nzima, na siwezi kujua kama aliyasema kwa ukali au kwa huruma. Nilitaka kumuuliza leo asubuhi, nikapika turungi badala yake.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyo. Nzi wamekuja, nimefunika kisosi kwa leso yako. Kila kitu ulichonifundisha kinaniambia nikichukue hiki kikombe niende nyuma ya jiko, pale kwenye mgomba, nikimwage kabla hakijatuua. Nimekishika mara mbili. Mara mbili nimekirudisha.

Sitamwaga, Mama. Sehemu yako iko hapa.

Lala salama,

mwanao wa kushika mafuta,
Chebet